Mashine ya majani imegoma kuwaka? Anza na plagi, kabureta iache kwanza

Mvua zikishanyesha wiki mbili tatu ukoka unafika magotini, ndo mtu anakumbuka mashine ya majani iko stoo tangu mwezi wa sita. Anaitoa, anaipangusa vumbi, anavuta kamba mpaka bega linauma, mashine kimya. Anaitwa fundi bodaboda wa hapo jirani na kitu cha kwanza anachoshika ni kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Sio kwamba kakosea sana, maana mara nyingi shida inakuwaga kweli kwenye mafuta, ila akishaifungua bila kupima chochote anaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, gasketi imechanika, kispringi kimerudishwa kwenye tundu sio lake, na sasa hakuna anayejua tena mashine iligoma kwa sababu gani. Mimi nasema plagi kwanza, ile inayotoa cheche ndani ya injini. Kuitoa ni dakika moja, na ukiiangalia vizuri inakuambia uende upande wa mafuta au upande wa moto, yaani cheche, nusu ya kazi umeshaikwepa hapo.

Hapa naongelea hizi mashine za kusukuma zenye injini ya petroli ya stroku nne, kama Honda GCV160, Briggs & Stratton, na zile za Kichina ambazo ndani zinafanana nazo sana. Zile za kubeba begani za kufyekea nyingi ni stroku mbili, nazo kanuni ni ile ile ila petroli yake inachanganywa na oili, kwa hiyo kabla ya yote uliza nani alichanganya na kwa kipimo gani. Kama maelekezo ya mashine yanasema 1 kwa 50 basi lita 5 za petroli zinataka mililita 100 za oili ya stroku mbili, kama ni 1 kwa 25 inakuwa mililita 200, na ukikuta mtu ametia petroli tupu basi kutowaka ndo shida ndogo kabisa, pistoni inaweza kuwa imeshakwama humo ndani.

Kabla hujashika spana

Kuna vitu vya aibu ambavyo inabidi uvimalize kwanza maana watu wanaitisha fundi kwa ajili yake. Koki ya mafuta iko wazi? Kwenye nyingi ipo chini ya tanki au ubavuni, na aliyeiweka stoo kama alikuwa mtu makini aliifunga. Ile fimbo ya pili juu ya mpini, unaibana pamoja na mpini? Ukiiachia inafanya kazi mbili kwa pamoja, inabana breki ya flaiwili (lile gurudumu zito juu ya injini) na inakata moto wa plagi, kwa hiyo unaweza kuvuta kamba mpaka jioni na haitawaka ng'o. Waya wake pia huwa unalegea au unakatika kule chini, unabana fimbo juu lakini kwenye injini hakuna kinachosogea, kwa hiyo mwambie mtu aibane huku we unaangalia kule kwenye injini kama kile kichuma cha breki kinatembea.

Choki nayo, yaani kibati kinachobana hewa kwenye kabureta. Injini ikiwa ya baridi inataka choki imefungwa, ikiwa ya moto inataka imefunguliwa. Kama mashine yako haina choki ila ina kale kapira kekundu au keusi ka kubonyeza, kabonyeze mara tatu hivi taratibu, sio mara kumi na tano kama unapiga honi. Halafu usiamini wenzo tu, toa eya klina (chujio la hewa) uangalie kile kibati cha choki kama kweli kinafunga ukivuta, maana waya wa resi ukilegea wenzo unafika mwisho lakini kibati kimebaki nusu njia.

Eya klina ukishaitoa iangalie kwenye mwanga. Kama ni ya karatasi na imejaa vumbi jekundu au imelowa oili, jaribu kuwasha bila hiyo kwa sekunde chache tu. Ikiwaka, umeshapata jibu, nunua nyingine. Ya sponji unaifua kwa maji na sabuni, unaikausha kabisa, unaidondoshea oili kidogo na kuikamua.

Oili cheki pia, ijae mpaka alama ya juu ya kijiti na isizidi. Injini za ukubwa huu zinachukua kama nusu lita tu, GCV160 ni 0.55, kwa hiyo mtu akimimina chupa nzima ya lita moja anaijaza mpaka inaingia kwenye silinda. Hili linatokea pia mtu akiilaza mashine vibaya akisafisha chini. Ukitaka kuilaza, hakikisha upande wa kabureta na eya klina unabaki juu, ukiulaza chini oili inashuka mpaka kwenye eya klina na kuanzia hapo mashine ama haiwaki au inawaka na moshi mweupe mtaa mzima.

Na kabla mkono wako haujaenda karibu na kisu, chomoa kofia ya plagi. Sio swichi, sio koki, ni kofia ya plagi, uiweke mbali isije ikarudi yenyewe. Kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini, ukikizungusha kwa mkono umezungusha injini, na injini yenye petroli ndani inaweza kupiga mara moja tu, na hiyo moja inatosha kuondoka na vidole.

Petroli yenyewe

Petroli inachacha. Ikikaa kama mwezi mmoja kwenye tanki lisilojaa inaanza kupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka, ikikaa miezi minne mitano inaacha utando wa njano kama gundi kwenye kila tundu dogo ilikopita. Kwa hiyo kama mashine imelala tangu kiangazi, usipoteze muda kubishana nayo, mwaga mafuta yote ya zamani na utie mapya. Utaijua kwa harufu, ya zamani inanuka kama rangi ya mafuta, haina ule ukali unaopanda puani.

Yamwagie kwenye chupa ya plastiki nyeupe uyaache dakika tano. Kama kuna maji utayaona yamekaa chini kabisa kama matone makubwa yanayotembea ukiinamisha chupa, maana maji ni mazito kuliko petroli. Huku pwani na msimu wa mvua maji yanaingia kirahisi tu, mfuniko wa tanki ukipasuka au dumu likiachwa nje bila kifuniko basi.

Halafu kuna mafuta ya kwenye chupa za barabarani. Kwenye vituo mambo yamebanwa, EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za siri za utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya hawa wachakachuaji, lakini petroli ya kupimiwa kwenye chupa ya maji pale kijiweni hakuna anayejua imepitia wapi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache kivulini. Petroli safi inapotea bila kuacha kitu, ikiwa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linaloganda hapo muda mrefu. Injini ndogo kama hii ikipewa petroli yenye mafuta ya taa inakuwa ngumu sana kuwaka ikiwa baridi, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Sasa toa plagi

Umetia mafuta mapya, koki iko wazi, choki imefungwa, fimbo umebana, umevuta kamba mara tano sita, bado. Chomoa kofia, safisha vumbi na majani pale kwenye mguu wa plagi ili yasidondokee ndani, fungua na plagi spana, itoe. Iangalie ncha.

Ikiwa kavu kabisa na hainuki petroli, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, shida yako ni moto au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), au umeizamisha kwa petroli nyingi ya choki. Ikiwa nyeusi tititi yenye masizi makavu, ilikuwa inakula mafuta mengi kuliko hewa, rudi kwenye choki na eya klina. Ikiwa na oili nyeusi ya kuteleza, oili imeingia kwenye silinda, ama mashine ililazwa vibaya, ama oili imezidi, ama ringi za pistoni zimechoka.

Wale wa Njombe, Mbeya, Arusha na Limuru kule, hayo masizi meusi msiyashangae sana. Hewa ya juu ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari inatoa mafuta yale yale huku hewa imepungua. Honda wenyewe wanasema ukipita mita 1,500 hivi ndo unaanza kufikiria kubadilisha jeti, kile kipande chenye katundu ka kupimia mafuta kwenye kabureta, na kwamba nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kila ukipanda mita 300. Kwa hiyo mashine iliyokuwa inawaka kwa mvuto mmoja Tanga, ikifika Njombe ikawa ya mivuto mitano na plagi nyeusi, sio lazima iwe imekufa.

Plagi iliyolowa: ikaushe na kitambaa, fungua choki, weka resi mwisho, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili ile petroli iliyojaa itoke, ila kaa pembeni isikurukie usoni, na asiwepo mwenye sigara hapo. Subiri dakika kumi, rudisha, jaribu bila choki. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu zinawakia hapa.

Kama haijawaka, pima moto. Rudisha kofia kwenye plagi ikiwa nje, gusisha ule mwili wa chuma wa plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka maana mvuke wa petroli unatoka pale pale na ukishika moto utaungua mkono. Mtu mmoja abane fimbo ya mpini, mwingine avute kamba. Hapa ndo koili nyingi nzima (koili ndo inayotengeneza umeme wa plagi) zinahukumiwa kifo, mtu anavuta akiwa ameachia fimbo, haoni cheche, anaenda kununua koili. Fimbo ikiachiwa moto unakatwa makusudi, ndo kazi yake. Fanyia kivulini, juani cheche ya bluu huioni.

Ukiona cheche ya bluu inayolia ta ta ta, moto upo. Ikiwa ya njano dhaifu au inaruka mara ipo mara haipo, badilisha plagi kwanza kabla ya kufikiria kingine. Pengo la ncha liwe milimita 0.7 mpaka 0.8, na namba ya plagi ifuate kitabu cha mashine, GCV160 kwa mfano inakula NGK BPR6ES. Usichukue plagi ya bodaboda kwa sababu tu uzi unaingia, ikiwa ndefu zaidi pistoni itakuja kuigonga, ikiwa fupi haifikii. Na feki zipo nyingi, sasa ukiweka plagi mpya na bado cheche ni dhaifu, jaribu nyingine ya duka jingine kabla hujalaumu koili.

Hamna cheche kabisa na plagi mbili tofauti? Fungua kava ya juu, ile yenye kamba. Utaona flaiwili na pembeni yake koili imefungwa kwa boliti mbili. Kutoka kwenye koili kuna waya mwembamba unaoenda kwenye breki, huo ndo waya wa kuzimia. Uchomoe kwenye koili halafu pima tena. Moto ukirudi, koili ni nzima, waya umechubuka mahali unagusa chuma au swichi imeganda kutu. Rekebisha waya, usiishi nao umechomolewa maana siku kisu kikinasa kitu utataka mashine izime sasa hivi, sio baadaye.

Moto usiporudi, angalia sumaku za flaiwili. Huku Dar na Tanga chumvi inazila, zinajaa kutu, pamoja na miguu ya koili. Piga msasa laini mpaka zing'ae, pangusa, halafu rudisha koili kwa pengo sahihi. Injini nyingi za aina hii pengo liko kati ya milimita 0.25 na 0.4, kama huna fila geji (vibati vya kupimia pengo) tumia kadi ngumu ya biashara, iweke kati ya sumaku na koili, legeza boliti, acha sumaku iivute koili yenyewe, kaza, chomoa kadi. Bado hamna? Sasa nunua koili kwa amani.

Plagi kavu, sasa ndo uende kwenye mafuta

Hata hapa usikimbilie kabureta. Mimina petroli kidogo, chini ya nusu kijiko cha chai, kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, injini yako haina ugonjwa, moto upo, kompresheni ipo, kinachokosekana ni mafuta kufika. Isipopiga hata kidogo, na moto umeshauona, ruka hii sehemu uende kwenye kompresheni.

Fuata njia ya mafuta kuanzia tanki. Chomoa mpira pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Mafuta yatoke mfululizo, sio tone tone. Yakidondoka kwa shida legeza mfuniko wa tanki, yakianza kutiririka ghafla basi kale katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kameziba. Huu ndo ugonjwa wa mashine inayowaka asubuhi vizuri, inakata robo saa, inazima, inakaa, inawaka tena. Watu wanabadilisha kabureta nzima kwa sababu ya katundu ambako ungekazibua na pini. Kama mfuniko sio tatizo basi ni chekeche ndani ya tanki au kwenye koki, au mpira umeoza kwa ndani.

Kuna aina za Briggs za zamani ambazo kabureta imekaa juu ya tanki, hizo mafuta hayashuki yenyewe, yanavutwa na kiwambo cha mpira. Kikikauka na kuwa kigumu mashine haiwaki, dawa ni kubadilisha kiwambo na gasketi yake, usihangaike kukilainisha.

Mafuta yanafika kwenye kabureta vizuri ila plagi bado kavu. Haya, sasa kabureta, umeistahili.

Piga picha na simu kabla ya kulegeza chochote, kila upande, hasa vile vispringi vidogo na vijiti vinavyounganisha kabureta na gavana, ile inayodhibiti mwendo wa injini. Kuna kaspringi kembamba kama unywele, tundu lake ni moja tu, ukikaweka tundu la jirani injini itakimbia kupita kiasi, na hizi nyingi hazitakiwi kuzidi mizunguko 3,600 kwa dakika. Funga koki. Ukiwa na bahati huhitaji hata kuitoa kabureta yote, fungua tu kile kikombe cha chini, boliti yake mara nyingi ni spana namba 10 kwenye Honda, weka kopo chini ya kupokea mafuta.

Angalia ndani ya kikombe. Kama kuna ungaunga wa kijani au mweupe au kitu kama asali iliyoganda, ndo huyo. Kile kikombe kioshe, lakini adui mwenyewe yuko kwenye jeti. Kwenye Honda jeti iko ndani ya ule mnara wa katikati, unaingiza bisibisi bapa inayojaa kabisa kwenye mfereji, maana ni shaba laini na ukiiharibu kichwa haitoki tena, unazungusha, inatoka, na nyuma yake kinadondoka kibomba chembamba chenye vitundu ubavuni. Kwenye Briggs nyingi usiitafute mnarani, ile boliti ya kikombe yenyewe ndo jeti, ina katundu pembeni na kengine juu, na watu wanaosha kabureta nzima vizuri kabisa halafu wanarudisha boliti ikiwa imeziba vile vile.

Inue jeti uielekeze kwenye anga, jicho moja. Tundu zima ni duara safi lenye mwanga. La kuziba ama huoni mwanga kabisa ama unaona mwanga wa mwezi mchanga, na huo usikudanganye, tundu zima halifiki hata milimita moja kwa hiyo likiziba nusu mashine haiwaki. Chukua waya wa umeme ule wa nyuzi nyingi, chomoa uzi mmoja wa shaba, upitishe taratibu. Usitumie sindano ya kushonea wala pini, chuma kinakwangua na kupanua tundu, kuanzia hapo mashine itakuwa inakula mafuta na kutoa masizi maisha yake yote. Loweka kwenye petroli safi au spreya ya kabureta, halafu pitisha upepo. Kama huna kompresa nenda kwa fundi pancha, atakupulizia kila tundu, na lile tundu dogo la sailensa (la mafuta ya kuunguruma bila resi) pembeni ya kabureta usilisahau. Vaa miwani, spreya ile ikirudi jichoni utaimba.

Boya nalo litikise sikioni, ukisikia mafuta yanacheza ndani limetoboka. Chini yake kuna sindano ndogo yenye ncha ya mpira, kama ncha imekuwa na pete iliyobonyea basi haifungi tena, mafuta yatamwagika nje au kuizamisha injini. Ukirudisha, geuza kabureta kichwa chini na upulize kwa mdomo kwenye njia ya mafuta, boya likiwa limelala upepo usipite, ukilinyanyua upite.

Ukiwa umeitoa kabureta yote, kuna gasketi mbili na kipande cha plastiki nyeusi kati yake na injini. Mpangilio wake una maana, matundu madogo yaendane. Gasketi ikipasuka injini inanyonya hewa ya wizi pembeni, mafuta hayavutwi, na utarudi kuosha jeti ambayo ni safi.

Mafuta yapo, moto upo, na bado

Hapa sasa ni kompresheni na muda wa moto. Vuta kamba plagi ikiwa ndani. Uhisi inakaza, inaachia, inakaza, inaachia. Kamba ikija laini tu toka mwanzo mpaka mwisho, toa plagi, ziba tundu na kidole gumba, mwenzako avute, kidole kinatakiwa kusukumwa kwa nguvu. Kisiposukumwa, kwa mashine iliyokaa muda mrefu dau langu ni valvu imeganda kwa ile ile gundi ya petroli ya zamani. Fungua kava ya valvu, vuta kamba taratibu, angalia kama zote mbili zinaingia na kutoka. Iliyokwama inyunyizie spreya, igonge kidogo na mti, sio nyundo, mpaka irudi. Na nafasi ya valvu ukiicheki, kwenye Honda GCV160 ni milimita 0.15 ya kuingiza na 0.20 ya kutolea, injini ikiwa baridi. Valvu zikiwa sawa na kompresheni hakuna basi ni ringi au gasketi ya silinda hedi, na hapo piga hesabu kama mashine inastahili hiyo pesa.

Kinyume chake, kamba ikikataa kabisa kuvutika. Toa plagi kwanza. Ikivutika plagi ikiwa nje, silinda ilijaa oili au petroli, iteme yote na ubadilishe oili kama inanuka petroli. Isipovutika hata hivyo, angalia chini, majani mabichi yameganda yakabana kisu, au breki haijaachia.

Halafu kuna ile kamba inayorudi kwa nguvu na kukuvuta vidole, au mashine inapiga pwaa kwenye kabureta na haiwaki. Jiulize, kabla ya kugoma iligonga kitu? Kisiki, jiwe, nondo iliyosahauliwa na mafundi ujenzi? Kati ya flaiwili na shafti kuna kipande kidogo cha chuma laini kinaitwa kii, kimewekwa laini makusudi kikatike chenyewe ili shafti isipinde. Kikisogea hata milimita moja, sumaku inapita kwenye koili wakati sio wake, cheche nzuri ya bluu utaiona lakini inakuja wakati pistoni haijafika. Fungua nati ya flaiwili uangalie mfereji wa shafti na wa flaiwili, viwe vimenyooka mstari mmoja bila ngazi. Kimekatika, weka kii ya mashine hiyo hiyo. Nimeshaona watu wamechonga msumari wakaweka, siku ikigonga tena msumari haukatiki, kinachopinda ni shafti, na shafti ikipinda umemaliza injini.

Kabla hujafungua flaiwili lakini, shika kisu (kofia ya plagi ikiwa nje) ukitikise. Kisu kikiwa kimelegea au mtu amekitoa kwenda kunolewa, mashine nyepesi zinarudisha kamba vile vile, maana uzito wa kisu unasaidia kuzungusha injini. Kwa hiyo usijaribu kuwasha bila kisu halafu ukaanza kutafuta kii.

Chache za mwisho nazipitia haraka. Ekzosi chungulia ndani, nyigu wa udongo wanapenda sana kujenga humo mashine ikilala, na injini isiyoweza kutoa moshi haiwaki. Zile kubwa za kukalia zina swichi chini ya kiti na betri, anza na hizo. Injini za Honda GX nyingi zina kinga ya oili, oili ikipungua au mashine ikiwa kwenye mteremko moto unakatwa, iweke sehemu tambarare ujaribu tena.

Ikishawaka iache iungurume nje, sio ndani ya stoo, ule moshi una sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Na ukienda kutafuta spea beba ile ya zamani mkononi pamoja na picha ya namba zilizogongwa kwenye injini, sio jina lililo kwenye boksi la mashine, maana bati linaweza kuwa la kampuni moja na injini ya nyingine, na muuzaji ukimwambia tu nataka kabureta ya mashine ya majani atakupa anayoiona karibu.